Mzee kasema gitaa ni la 74, namba nyuma ya kichwa inasema vingine

BARUA

Shikamoo Mzee Nyuzi,

Naandika kutoka Moshi, huku Pasua. Nakusoma siku nyingi ila sijawahi kukuandikia, leo imebidi maana nikizubaa mtu mwingine anabeba.

Mimi napiga solo. Jumapili niko kanisani na kwaya, ibada mbili, alafu Ijumaa na Jumamosi tunapanda Arusha na bendi yetu kupiga hotelini, masaa manne umesimama gitaa liko begani. Ninalotumia ni lile la Kichina la laki mbili na nusu, jeki imebadilishwa mara tatu, na ukivuka freti ya kumi na mbili, vile vichuma vya shingoni, kila noti ni uongo mtupu. Kwaiyo tangu mwaka juzi nabana hela kwenye kikoba, nikaongeza na ya mahindi, nimefika milioni nne. Ndoto yangu ni Les Paul, gitaa la umeme la kampuni ya Gibson yenyewe, tangu nikiwa mdogo nilimuona marehemu mjomba ameiazima kwa mtu na akanikataza hata kuigusa.

Sasa zimetokea mbili kwa mpigo. Ya kwanza iko Sakina, Arusha, kwa mzee mmoja aliyekuwa anapiga bendi zamani. Les Paul Standard, ile rangi nyekundu pembeni inafifia inakuja njano katikati, ina boksi lake gumu. Mzee anasema ni ya mwaka 74, "enzi hizo walikuwa wanatengeneza kwa mkono mwanangu, siku hizi ni mashine tu", na anataka milioni tano na nusu, ya mwisho tano. Nimekutumia picha. Nyuma ya kichwa imegongwa 80453527 na chini yake MADE IN U.S.A. Shingo nyuma iko laini haina kitu, mwili pembeni ukiangalia ni mbao nyekundu moja alafu juu ile nyeupe. Ila pale nyuma, chini kidogo ya kichwa, kuna kamstari kama unywele. Nilimuuliza akasema ni vanishi tu imezeeka.

Ya pili ni ya mwaka 2015, iko hapahapa Moshi, Shanty Town, kuna dada mgeni anamaliza kujitolea anarudi kwao, anauza vitu vyote mpaka friji. Hii ina vile vidude vinavyojikazia nyuzi vyenyewe kwa betri. Anataka milioni tatu na laki tatu.

Kinachonichanganya ni maneno ya watu. Mpiga besi wetu anasema Les Paul za miaka ya sabini ndiyo dhahabu, mpya zote ni plastiki. Mtoto wa dada yangu, yeye anashinda mtandaoni, anasema miaka ya sabini ndiyo mibovu kuliko yote kwa sababu kampuni ilikuwa imeuzwa, na 2015 nayo anasema ni mwaka wa aibu. Sasa mzee wangu kama zote mbovu, nzuri ni ipi? Na mama watoto ameshaniambia, hela ya gitaa inatoka mara moja tu, nikirudi kulia eti nimeuziwa mbuzi kwenye gunia nisimuamshe.

Ni mimi, Solo wa Pasua

JIBU

Marahaba mwanangu, na msalimie mama watoto, huyo ndiye meneja wa bendi hata kama hamjui.

Tuanze na namba maana hilo ni jepesi. Kuanzia 1977 mpaka 2005 hivi Gibson walikuwa wanagonga tarakimu nane nyuma ya kichwa. Chukua ya kwanza na ya tano uziunganishe, unapata mwaka. Kwako ya kwanza ni 8, ya tano ni 3, basi ni 1983. Ya pili mpaka ya nne ndiyo siku ya mwaka, 045, siku ya arobaini na tano, Januari inakula 31 zinabaki 14, kwa hiyo hilo gitaa liligongwa namba tarehe 14 Februari 1983, na nimehesabu ilikuwa Jumatatu. Tatu za mwisho ni zamu yake siku hiyo, na kwa miaka ile zikianzia 500 kwenda juu maana yake ni kiwanda cha Nashville, chini ya hapo ni Kalamazoo kule Michigan, kiwanda cha zamani ambacho walikifunga 1984. Lako ni 527. Nashville.

Namba peke yake haitoshi lakini, namba hata fundi wa mihuri anaweza kugonga. Inabidi na mwili wa gitaa useme vilevile, na hapa ndipo picha zako zimenifurahisha. Gitaa la 74 lingekuwa na nundu nyuma ya shingo, pale shingo inapokutana na kichwa, kama goti la mtoto. Lako halina, nundu ilitolewa 1981. Gitaa la 74 ukiliangalia ubavuni ungeona mwili umepangwa kama sandwichi, mahogani, alafu kipande chembamba, alafu mahogani tena, ndiyo juu mepo, ile mbao nyeupe. Lako mahogani ni bonge moja. Na mwaka 74 zilizokuwa zinatoka kwa wingi zilikuwa Deluxe, zenye pikapu, zile sumaku za kudaka sauti ya nyuzi, ndogondogo, lako lina zile kubwa na kimeandikwa Standard kwenye kile kifuniko cha kichwani. Namba, shingo, mwili, pikapu, wote wanne wanakubaliana na 83, siyo 74. Kifuniko hicho kina skrubu mbili, sawa, ndivyo Gibson walivyo, ile ya kufoji mara nyingi ina tatu, na chini yake utakuta nati ya shaba ya kukazia chuma cha ndani ya shingo, siyo tundu la kuingiza ufunguo wa pembe sita. Kwa picha nilizoona sina shaka ni Gibson. Siyo la 74 tu.

Ila usiende kumwita yule mzee mwongo. Watu wa umri wetu vyombo tulivipata kwa mkono wa tatu wa nne, mtu wa kwanza alisema "ni la zamani sana", wa pili akasema "kama la sabini hivi", wa tatu akataja 74 kabisa, na wewe unaamini maana aliyekuuzia alikuwa rafiki yako. Inawezekana kabisa yeye ndiye aliyeuziwa 74 miaka hiyo.

Sasa kwenye hilo la enzi nzuri na enzi mbovu nitakaa kidogo, maana mpiga besi wako na mpwa wako wote wawili wamesikia kitu cha kweli na wote wamekibeba kichwa chini miguu juu.

Les Paul ni jina la mtu, mpiga gitaa wa Marekani, alizaliwa 1915 akafariki 2009, na Gibson walitoa gitaa lenye jina lake 1952. Kila mtu anakwambia miaka ya hamsini ndiyo enzi ya dhahabu, na kweli yale ya 1958 mpaka 1960 leo hii bei yake unajenga ghorofa Njiro na chenji inabaki. Ila sikia hii. Yale ya kwanza kabisa, ya 1952, shingo waliibandika bapa mno, haikulala nyuma vya kutosha, matokeo yake nyuzi zikabidi zipite chini ya briji, kile chuma cha mwilini zinapokalia, badala ya juu. Wewe unapiga solo, unajua kiganja cha mkono wa kulia kinavyolala pale kwenye briji kuzima nyuzi kidogo ule mlio uwe mfupi mkavu. Kwenye hilo gitaa la 1952 huwezi, kiganja hakina pa kulala. Mwaka uliofuata wakarekebisha. Na ile briji mbaya ilikuwa ya Les Paul mwenyewe, alikuwa na hatimiliki yake, namba 2,737,842, na Gibson baadaye wakaja kuibandika namba hiyohiyo kwenye stika chini ya pikapu zao ambazo hazihusiani nayo hata chembe, labda ili wanaotaka kuiga wapotee. Pikapu zenyewe, zile kubwa zenye koili mbili zinazofutana mvumo wa umeme, zilikuja 1957, fundi wao Seth Lover ndiye aliyezibuni, na ndiyo sababu ukipiga kwenye ukumbi wenye taa mbovu Les Paul inanyamaza wakati gitaa la jirani linanguruma kama jenereta.

Na hiyo dhahabu enzi zake haikuuzika. Mwaka 1961 wakaachana na umbo hilo kabisa, wakatengeneza lile lenye pembe mbili, na Les Paul ya kawaida ikarudi 1968 tu baada ya vijana wa Uingereza kuanza kuzitafuta za zamani. Yaani watu wa wakati ule walipita dukani wakaiona wakaiacha. Kwa hiyo mtu akikwambia wanunuzi siku zote wanajua uzuri, mcheke kwa heshima.

Haya, miaka ya sabini. 1969 Gibson iliangukia mikononi mwa kampuni iliyokuwa na biashara ya bia huko Ekwado, baadaye wakajiita Norlin, na hiyo ndiyo enzi anayoisema mpwa wako, mpaka 1986 walipouza. Ndiyo, walibadilisha vitu. Mwili wa sandwichi nimeshakwambia. Shingo ikawa vipande vitatu vilivyogundishwa, na katikati ya miaka ya sabini wakaacha mahogani kwenye shingo wakaweka mepo ambayo ni ngumu na nzito. Gitaa likawa zito, kuna mengine yanavuka kilo tano, masaa manne hotelini Jumatatu unaenda kwa mkandaji. Na ile nundu ambayo watu wanaicheka. Lakini jiulize kwa nini waliweka. Kichwa cha Les Paul kimelala nyuma kwa digrii kama 17, kimechongwa kwenye ubao uleule wa shingo, mahogani, ukoo mmoja na mkangazi wetu, mbao tamu ila nyuzinyuzi zake zinakwenda moja kwa moja, alafu palepale pembamba wamechimba tundu la kuingizia nati ya kile chuma. Gitaa likianguka chali hata kutoka kwenye kiti tu, linakatika hapo. Kwa hiyo nundu, vipande vitatu, mepo, vyote hivyo ni watu waliochoka kurudishiwa magitaa yaliyovunjika shingo. Anayesema ni ubovu mtupu hajawahi kulipia fundi.

Umeona inapokwenda? Nundu ikatolewa 1981, shingo ikarudi mahogani, watu wakafurahi. Na gitaa lako ni la 1983, halina nundu, na kamstari kako kako palepale.

Ndiyo maana mimi mwaka wa gitaa naupenda, ila siupendi kama bei. Naupenda kwa sababu unaniambia nichungulie wapi. Ukiniletea la 52 nitaangalia briji, la 75 nitalipima kwa mizani, la 83 nitapeleka tochi moja kwa moja nyuma ya kichwa kabla hata sijalichomeka kwenye ampu. Mimi mwenyewe niliwahi kununua gitaa kwa sababu ya mwaka wake, sitaji ni la kampuni gani, lilikuwa la mwaka niliozaliwa basi nikalewa, sikulichomeka, sikuangalia shingo, nilisikia tu mwaka nikatoa hela. Shingo ilikuwa imepinda kama ndizi mshare. Nilikaa nalo ukutani miaka sita, kila mgeni akija namwambia mwaka wake, hakuna aliyewahi kuniomba nilipige.

Sasa kamstari. Hapa usikubali jibu la mdomo, na mimi kwa picha siwezi kukuapia. Vanishi ya Gibson ni ile ya nitro, ikizeeka na ikipata baridi na joto inapasuka nyufa nyembamba, hiyo ni kawaida kabisa na gitaa lililoishi Arusha, Julai asubuhi baridi inakung'ata alafu mchana jua, likae bila nyufa ningeshangaa. Lakini nyufa za vanishi haziji peke yake. Zinakuwa nyingi, zinakatizana, utaziona na tumboni na mgongoni. Ufa wa mbao uko peke yake, uko pale chini ya kichwa, na mara nyingi umejikunja kama tabasamu, unaanzia upande mmoja unashuka unapanda upande wa pili.

Fanya hivi. Omba ulegeze nyuzi zote, mzee mpiga gitaa hawezi kukukatalia. Zima taa ya chumba au funga pazia, washa tochi ya simu, usiimulike kwa mbele, ilaze ubavuni kabisa mwanga uteleze juu ya mbao, hapo hata bonde la unywele linatoa kivuli. Pitisha ukucha taratibu kutoka juu kwenda chini. Ukucha ukikwama, kumbuka pale. Alafu fuata ule mstari mpaka pembeni, uone kama unazunguka ubavu au umekufa palepale nyuma. Wa vanishi hufa. Wa mbao unazunguka. Kisha kaza nyuzi tena uangalie ukiwa na tochi ileile, kama ufa unafunguka hata upana wa nusu karatasi basi hiyo siyo vanishi na hata gundi haijashika. Ukiona pale rangi ni tofauti kidogo, nyekundu iliyokolea zaidi ya shingo nyingine, ujue kuna mtu alipaka kuficha.

Na muulize. Ila usimuulize "je, liliwahi kuanguka?" maana jibu ni hapana, hapana ni neno rahisi. Muulize ukiwa umelishika, kwa sauti ya kawaida, "mzee, hili lilianguka mwaka gani?" Mtu mzima mwenye adabu atafikiri kidogo, alafu atakutajia mwaka.

Kama limevunjika na kugundishwa vizuri usikimbie. Mahogani ikigundishwa na mtu anayejua, kwa gundi sahihi na vibano, mara nyingi haikatiki tena pale, na sauti haiendi popote. Kinachokwenda ni bei, karibu nusu. Sokoni ndivyo ilivyo duniani kote, gitaa lililowahi kukatika kichwa linauzwa kama nusu ya mwenzake mzima, na kwa mtu kama wewe unayenunua kupiga siyo kuning'iniza, hiyo ni neema. Mzima kwa milioni tano, 1983, mimi sioni kama anakuibia, ila huna tano na usikope. Lililogundishwa, mpe mbili na nusu, mwisho tatu. Lililo wazi hata moja na nusu ufikirie, maana mafundi wa kazi hiyo huku kwetu unawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja na wawili kati yao wanatumia gundi ya viatu.

Vingine ukiwa hapo Sakina ni haraka haraka. Bana uzi mnene freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, angalia freti ya saba, kati ya uzi na freti ipite kadi nyembamba tu, kukiwa na pengo la kidole au uzi umegusa kabisa basi shingo inadai kukazwa au kulegezwa, muombe ajaribu mbele yako uone kama chuma kinazunguka. Piga kila freti kwenye kila uzi, ndiyo zote, dakika kumi, usione aibu. Omba ruhusa ufungue kile kifuniko cha plastiki nyuma, kwenye zile volyumu na toni, kuna namba, ikianza na 137 basi tarakimu zinazofuata ni mwaka na wiki, ukikuta 82 au 83 mambo yanakubaliana, ukikuta za juzi ujue umeme wake ulibadilishwa. Siyo dhambi, ila ni kitu cha kupunguzia bei. Pikapu nazo aliyeitwa kuzirudisha kwenye mwendo wa zamani mwanzoni mwa miaka ya themanini ni Tim Shaw, na wanaozijua wanazitafuta mpaka leo, kwa hiyo kama hazijabadilishwa una bahati na usimwambie mzee mpaka umalize kulipa. Natania. Nusu.

Uzito, lipime. Omba mizani kwa muuza maharage, wale wa Mbuyuni au popote, ukikuta karibu kilo nne na nusu liko sawa, maana miaka hiyo walianza kutoboa mashimo ndani ya mwili kupunguza uzito, huyaoni, yamefunikwa na mepo ya juu. Kuna watu wanalia kuhusu hayo mashimo utafikiri walitobolewa wao.

Haya la Shanty Town. 2015 ni mwaka wa aibu kweli? Aibu ndiyo, ubovu siyo sana. Mwaka ule Gibson walilazimisha karibu magitaa yao yote yawe na vidude vya kujikazia nyuzi, shingo wakaipanua kama milimita mbili na nusu, pale juu nyuzi zinapopita wakaweka shaba ya kurekebishwa kwa skrubu, na kichwani wakaandika saini ya Les Paul na 100 kwa kuwa angetimiza miaka 100. Wanunuzi wakakasirika, bei ikapanda kwa vitu ambavyo hawakuviomba, na 2016 kampuni ikarudisha mtindo wa kawaida kwa anayetaka. Lakini sikia kilichokasirisha ni nini. Vidude, upana, shaba, saini. Hakuna aliyesema mbao zimeoza. Freti za mwaka ule nilizowahi kuzishika zilikuwa zimesawazishwa vizuri tu, na vidude vinatoka unaweka vya kawaida. Kitu cha kukupa wasiwasi pale ni upana wa shingo kwa mkono wako, kwa hiyo kalishike, piga zile sehemu zako za noti mbili mbili kule juu nusu saa, kidole gumba kikichoka kabla ya dakika ishirini ujue kitachoka kila Ijumaa. Na angalia kichwa chake pia. Gitaa jipya halina kinga ya kuanguka.

Enzi nyingine zina mambo yake, sitazimaliza. Mwaka 2011 serikali ya Marekani iliwavamia Gibson kwa ajili ya mbao za India, 2009 ilikuwa za Madagaska, wakamalizana kwa faini 2012, na kipindi hicho kuna Les Paul zilitoka na ubao wa vidole wa mepo iliyookwa badala ya rozwudi. Ukikutana nayo usishtuke. Inaniuma kidogo tu kwamba rozwudi ni ukoo mmoja na mpingo wetu, na mpingo wetu unasafiri kwenda kuwa klarineti za watu wakati sisi tunabishana gitaa la nani lina mbao halali. 2018 wakafilisika wakajipanga upya, na kuanzia 2019 wanatoa Standard zisizotobolewa kabisa, kama za zamani. Nzuri. Ila kwa milioni nne huipati, tuiache.

Kwa hiyo ningekuwa wewe ningeanza Sakina, siyo kwa sababu ni la zamani, ila kwa sababu kile kimstari ndicho kitakachokupa bei. Kama ni vanishi na mzee hashuki kufika nne, mshukuru, kunywa chai yake, rudi Moshi umpigie yule dada kabla hajapanda ndege, mwambie tatu, atakubali, mtu anayeuza mpaka friji hana muda wa kubishana. Kama ni ufa uliogundishwa na mzee anakubali tatu, chukua hilo la 83, na hiyo milioni inayobaki usiiguse, nunua mkanda mpana wa ngozi na stendi ya gitaa yenye miguu mitatu, siyo lile la kuegesha ukutani, alafu iliyobaki mrudishie meneja wako.

Jumamosi asubuhi mimi nipo Kaloleni mpaka saa tano. Ukipitia nitakuja na wewe Sakina, tochi na bisibisi ninazo, nauli ya daladala unalipa wewe, na pale kwa mzee mimi ni mjomba wako tu nimekusindikiza, usinitambulishe kama fundi bei itapanda.